Serikali na Siri Kali

Neno serikali limeingia katika Kiswahili kutoka Kiajemi, ambako sarkar ni msimamizi wa shughuli au mwenye kutoa amri, na katika asili yake hamna jambo lolote la kufichwa. Wasemaji wa lugha, hata hivyo, wamelipasua wenyewe wakapata maneno mawili, siri na kali, na mzaha huo umezeeka katika mabaraza ya kahawa kiasi kwamba wako wanaoamini kuwa ndiyo asili ya neno lenyewe. Kiisimu ni kosa, lakini kwa mtafiti wa siasa ni ushahidi, kwa kuwa huonyesha jinsi mwananchi alivyozoea kuyatazama madaraka: kama nyumba yenye chumba cha ndani ambacho hakukaribishwa kuingia, na ambacho, kwa mazoea ya miaka mingi, hana tena hamu ya kukijua. Mazungumzo haya yanahusu hamu hiyo iliyopotea, na yanaichukua Tanzania kuwa mfano wake mkuu, si kwa sababu nchi hiyo iliwatesa raia wake kuliko jirani zake, maana haikufanya hivyo, bali kwa sababu upole wa sura ya utawala wake ndio unaolifanya swali liwe gumu.

Mwanzo mzuri wa kulichunguza jambo hili ni sheria moja fupi iliyopitishwa mwaka 1962, kabla Tanganyika haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru, yaani Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini. Kuwekwa kizuizini si kufungwa, ingawa mlango ni ule ule na kufuli ni lile lile: mfungwa ni mtu aliyeshitakiwa, akasikilizwa na mahakama, akapewa kifungo chenye mwanzo na mwisho, ilhali aliye kizuizini hajashitakiwa kwa lolote, na hashikiliwi kwa alilolitenda bali kwa linalohofiwa kwamba huenda akalitenda. Sheria hiyo ilimpa Rais uwezo wa kutoa amri, kwa sahihi yake na muhuri wa nchi, ya kumzuia mtu yeyote ambaye Rais mwenyewe ameridhika kuwa mwenendo wake ni hatari kwa amani na utulivu au kwa usalama wa dola. Uzito wote umo katika neno hilo kuridhika. Halihitaji shahidi, halina kipimo, na kwa muda wa zaidi ya miaka 20 halikuweza hata kuhojiwa, kwa sababu sheria ilikuwa na kifungu kilichokataza amri hiyo isitiliwe shaka katika mahakama yoyote. Wanasheria hukiita kifungu cha aina hiyo kizuizi cha mahakama, na kwa hakika sheria ile iliweka vizuizi viwili, kimoja cha mtu na kingine cha jaji.

Sheria hii haikuzuka tu. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilikuwa imetunga, tangu mwaka 1921, sheria ya kuwahamisha watu kwa nguvu kutoka sehemu moja ya Tanganyika kwenda nyingine, na gavana aliitumia bila kuwa na haja ya kesi. Waliorithi ofisi ya gavana walirithi na kabati lake la sheria, na badala ya kulichoma wakaliongezea. Aidha, wakati wa kuandaa katiba ya jamhuri, serikali ilikataa kuweka ndani yake tamko la haki za raia, ikitoa hoja kwamba tamko la namna hiyo lingezigonganisha mahakama na serikali wakati ambapo nchi changa inahitaji kwenda mbio katika maendeleo. Hoja hiyo ilikubalika bila kelele. Tamko la haki lilikuja kuingizwa katika katiba mwaka 1984, na hata hapo likaahirishwa kutumika mahakamani hadi Machi 1988, ili serikali ipate nafasi ya kuzisafisha sheria zake, kazi ambayo kwa sehemu kubwa haikufanywa.

Mwalimu Julius Nyerere aliwahi kukiri hadharani kwamba katiba ya nchi yake ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta kama angependa. Jambo la kushangaza si kauli yenyewe bali namna ilivyopokewa, kwa maana haikuwashitua wasikilizaji wake, iliwatuliza: ikiwa mwenye upanga anakiri kwamba ni mkali, basi huyo ni mwaminifu, na mwaminifu hawezi kuutumia vibaya. Hapa ndipo ulipokaa mzizi wa kutojali kunakozungumziwa. Raia hakuridhishwa na sheria bali na mtu, na kwa kuwa mtu yule kwa kweli alikuwa mwadilifu, asiyejilimbikizia mali, imani hiyo haikuwa ya kijinga. Ila madaraka hayakuandikwa kwa jina la Nyerere. Yaliandikwa kwa jina la Rais, na Rais ni kiti.

Waliopitia kizuizini si wachache, na safu yao ina watu wa kila namna. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, viongozi wa vyama vya wafanyakazi wanaozidi 200 walikamatwa, shirikisho lao likavunjwa na mahali pake pakawekwa chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, kilichofungamana na chama tawala. Abdulrahman Mohamed Babu, aliyewahi kuwa waziri katika serikali ya Muungano, alizuiliwa Bara mwaka 1972 baada ya kuuawa kwa kiongozi wa Zanzibar, Sheikh Abeid Amani Karume, akakaa humo hadi mwaka 1978. Babu alijulikana kwa sababu alikwisha kujulikana. Wasiojulikana kabla ya kuingia waliendelea kutojulikana baada ya kuingia, na hapo kuna tofauti ndogo ya kisheria kati ya Tanzania na Kenya ambayo inastahili kutazamwa kwa makini.

Kenya nayo iliwaweka watu kizuizini, na kwa mkono mzito zaidi: Jaramogi Oginga Odinga mwaka 1969, wabunge Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney waliokamatwa ndani ya viwanja vya Bunge lenyewe Oktoba 1975, na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o kuanzia siku ya mwisho ya mwaka 1977. Hata hivyo katiba ya Kenya ya wakati ule ilikuwa na sharti kwamba mtu akizuiliwa, jina lake litangazwe katika Gazeti la Serikali katika muda wa siku 14. Tangazo halikumtoa mtu yeyote gerezani, wala walioliandika sharti hilo hawakuwa na nia ya kuanzisha upinzani, lakini jina lililochapwa ni jina ambalo mwalimu wa shule anaweza kulisoma, mama anaweza kulikata kwa mkasi na kulihifadhi, na rafiki aliye ng'ambo anaweza kulibandika kwenye bango na kuandamana nalo. Sheria ya Tanzania haikumlazimisha mtu yeyote kuyachapa majina. Matokeo yake ni kwamba nchi iliyokuwa kali zaidi ilizalisha orodha, kumbukumbu na hasira, na nchi iliyokuwa pole zaidi ilizalisha kimya, ambacho baadaye kilisomwa na wengi kana kwamba ni ushahidi kuwa hapakutokea kitu. Siri, kwa hiyo, haifanyi kazi ya kuficha tu. Humnyima jirani kile ambacho angekitumia kujali, kisha jirani huyo hulaumiwa kwa kutojali.

Lakini haitoshi kuutupa mzigo wote juu ya siri, kwa maana upo wakati ambapo kila kitu kilifanyika mchana kweupe na watu wakapiga makofi. Mwaka 1983, uchumi ukiwa umeanguka na sabuni, sukari na vitenge vimekuwa bidhaa za magendo, serikali, huku Waziri Mkuu Edward Sokoine akiwa mstari wa mbele, ilianzisha msako wa wale walioitwa wahujumu uchumi, yaani watu waliodaiwa kuficha mali, kulangua au kuvusha bidhaa kinyume cha sheria. Walikamatwa kwanza, sheria ikatungwa baadaye na kurudishwa nyuma ili iwafunike waliokwisha kukamatwa. Waliundiwa baraza maalumu la kuwahukumu, ambamo mshitakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili, hakupewa dhamana, wala hakuwa na pa kukata rufaa. Kanuni tatu za kale za haki, kwamba mtu asiadhibiwe kwa sheria isiyokuwapo alipotenda, kwamba awe na wa kumsemea, na kwamba hukumu iweze kupitiwa na mkubwa wa aliyeitoa, zilivunjwa kwa mpigo mmoja, na mtaa ulifurahi. Mitaroni na vichakani zilikutwa bidhaa zilizotupwa usiku na wenye hofu. Sokoine amebaki hadi leo miongoni mwa viongozi wanaopendwa kuliko wote, na pengine anastahili, kwa kuwa njaa na foleni za wakati ule zilikuwa za kweli na ulanguzi ulikuwa wa kweli. Mwaka uliofuata sheria ile ilibadilishwa kwa nyingine iliyorudisha mashauri hayo katika Mahakama Kuu, ila tabia ya kuyatenga makosa ya uchumi, na kumweka mtuhumiwa wake rumande miaka nenda miaka rudi kwa kuwa kosa lake halina dhamana, haikufa na Sokoine.

Tukio hilo linaonyesha kwamba kile kinachoitwa kutojali mara nyingi ni kujali kwingine. Raia wa mwaka 1983 alikuwa anajali sana, alijali sukari. Haki ya mlanguzi kuwa na wakili ilionekana kwake kama anasa ya mwizi, na ndivyo ilivyo karibu kila mara madaraka yanapopanuliwa: mlango hufunguliwa kwa ajili ya mtu asiyependwa, awe mlanguzi, mwizi wa ng'ombe, mwanasiasa mropokaji au mgeni asiye na karatasi, na hakuna anayeuliza mlango huo utafungwa na nani, maana kuuliza huonekana kama kumtetea yule mbaya.

Lugha nayo imechangia, na hili halisemwi mara nyingi. Kiswahili kina neno uhuru kwa hali mbili ambazo lugha nyingine huzitenganisha, yaani uhuru wa nchi dhidi ya mtawala wa nje na uhuru wa mtu mmoja dhidi ya mtawala wake mwenyewe. Asili yake ni Kiarabu, ambako aliye huru ni yule asiye mtumwa, na katika pwani ya karne ya 19 neno hilo lilihusu mwili wa mtu kabisa: nani anaweza kuuzwa na nani hawezi. Harakati za miaka ya 1950 zililinyanyua neno hilo zikalipandisha bendera, na tangu Desemba 1961 uhuru umekuwa tarehe, gwaride na sikukuu. Kitu kilichokwisha kupatikana hakidaiwi tena. Mtu anayesema kwamba hana uhuru huonekana ama amesahau historia ama anaitukana, na inabidi aongeze maneno, uhuru wa kujieleza, uhuru wa kukusanyika, mpaka dai lake lianze kunuka semina na posho. Neno haki limepatwa na yayo hayo kwa upande mwingine, kwa kuwa linabeba pamoja kile ambacho mtu anastahili na kile ambacho hakimu anakitoa, kiasi kwamba haki imekuwa kitu cha kupewa.

Upande wa siri zenyewe, sheria iliyotawala ni ile ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya siri za serikali. Chini yake, habari iliyowekewa daraja la siri ni ile ambayo wakubwa wameitangaza kuwa hivyo, na anayeitoa au kuipokea bila idhini ametenda kosa, pasipo mahakama kutakiwa kwanza kupima kama habari hiyo ilistahili kufichwa au ilikuwa tu inaudhi. Chombo kinachoongoza kazi hiyo, idara ya usalama ambayo kila mtoto wa mjini anaijua kwa jina na hakuna anayeitaja kwa sauti, kilifanya kazi kwa miongo kadhaa bila sheria ya Bunge inayokianzisha, mpaka ilipotungwa mwaka 1996. Mwaka 2016 ilipitishwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, ikampa raia haki ya kuomba nyaraka, na kwa mkono huo huo ikamwekea kifungo ofisa atakayetoa taarifa zilizokatazwa. Karani wa halmashauri anayesoma vifungu hivyo viwili kwa pamoja hahitaji wakili wa kumshauri, ataifunga droo.

Hata hivyo si kweli kwamba siri haimgusi Mtanzania kamwe. Mwaka 2007 mbunge Zitto Kabwe aliuliza bungeni kuhusu mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, uliotiwa sahihi na waziri wa nishati na madini mjini London, akasimamishwa kuhudhuria vikao. Umati uliompokea nje ya Bunge ulikuwa mkubwa, na kwa miaka kadhaa neno mkataba likawa neno la vijiweni, hadi kufikia sheria za mwaka 2017 zinazolipa Bunge nafasi ya kuitazama mikataba ya rasilimali za nchi. Watu wale wale ambao hawakuuliza kizuizini kuna nani waliuliza ndani ya mkataba mna nini. Tofauti ni kwamba dhahabu ni ya wote, hivyo aliyeificha amemwibia kila mmoja, lakini aliyezuiliwa ni mmoja, na kwa hesabu za mtaani hasara yake ni yake na watoto wake.

Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyokusanya maoni mwaka 1991 na kutoa ripoti yake mwaka 1992, inakumbukwa kwa hesabu moja: takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, kwa kuheshimu asilimia 20. Hesabu hiyo imesimuliwa mno, ama kama sifa ya uungwana wa Watanzania ama kama kielelezo cha mageuzi yaliyotolewa kutoka juu. Sehemu iliyosahauliwa ni ile ambamo tume iliorodhesha sheria 40 zinazokandamiza na kutaka zifutwe au zirekebishwe, na ndani yake zilikuwamo ile ya kizuizini na ile ya gavana ya mwaka 1921. Vyama vilisajiliwa kuanzia Julai 1992 na vikaanza kugombea majimbo, na orodha ile ya 40, ambayo haikuwa na jimbo, ikakosa mgombea. Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini ilikuwa imelegezwa mwaka 1985, kwa kumtaka mtawala amweleze mtu sababu katika siku 15 na kumruhusu mtu huyo kwenda mahakamani, lakini katika toleo la sheria zilizorekebishwa la mwaka 2002 bado imo, Sura ya 361. Kwa miaka mingi haikutumika, na ni rahisi kusema kwamba silaha yenye kutu haina madhara. Wakati huo huo Bunge la vyama vingi, mwaka 1997, liliwapa wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa hadi saa 48, na ingawa sheria iliweka masharti, yakiwamo kuandika sababu na kumfikisha mtu mahakamani, kuanzia mwaka 2016 nchi ilizoea kutazama amri hizo zikitolewa papo hapo, mbele ya kamera, kwa mganga wa zahanati aliyechelewa au diwani aliyebisha, huku wanakijiji wakishangilia. Siri haikuhitajika tena.

Mahali ambapo kutojali kulipata mpinzani wa kudumu ni mahakamani, na kwa njia ya vitu vidogo. Mwaka 1979 Mahakama Kuu iliikataa amri ya kizuizini kwa sababu haikuwa na muhuri wa nchi. Kizuizi cha mahakama kilikataza kuihoji amri ya Rais, lakini karatasi isiyo na muhuri, ilisema mahakama, haijawa amri ya Rais. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililotoka Arusha, haikuridhika na maneno ya polisi kwamba watu waliokuwa mikononi mwao walizuiliwa kwa agizo la Rais, kwa kuwa agizo lenyewe halikuonyeshwa. Na mwaka 1988, miezi michache tu baada ya tamko la haki kuanza kufanya kazi, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza alitamka kwamba ile sheria ya kuhamisha watu, iliyokuwa bado ikiwatoa wakazi wa Mara makwao bila kesi, inakwenda kinyume na katiba. Wadai katika mashauri haya hawakuwa watu mashuhuri, na hakuna maandamano yaliyowasindikiza.

Mlango uliotumiwa na wadai wa aina hiyo ulipanuliwa zaidi mwaka 1994, pale Jaji Kahwa Lugakingira, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, aliposoma ibara ya 26 ya katiba, inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda katiba, na kuamua kwamba mtu si lazima awe ameumizwa yeye mwenyewe ndipo asikilizwe. Mwezi Juni 2020, uchaguzi ukikaribia na ugonjwa wa korona ukiwa ndiyo mazungumzo ya dunia, Bunge lilipitisha muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, yaani muswada mmoja unaogusa sheria nyingi zisizohusiana, chini ya hati ya dharura, ambayo ni utaratibu wa kuupitisha muswada kwa haraka bila kungoja muda wa kawaida wa wananchi kuusoma na kuujadili. Katikati ya vifungu vyake kulikuwa na kimoja kinachomtaka kila anayedai haki za kikatiba aape kwa maandishi kueleza ni kwa kiasi gani uvunjaji wa haki hiyo umemgusa yeye binafsi. Taasisi kadhaa za kisheria zililalamika, na magazeti yakaendelea na wagombea. Hivyo, kwa kifungu hicho, jirani aliyekwenda kufungua shauri la kikatiba kwa ajili ya mtu aliyechukuliwa usiku kutoka nyumba ya pili aliulizwa, pale masjala, kwa lugha ya sheria, swali ambalo mtaa umekuwa ukimuuliza siku zote: wewe yanakuhusu nini?